Mgonjwa Ana Watu Wake

Mhadhara wa hadhara kwa wahudumu wa afya, wazee na familia za Kericho na Bomet

Nazungumza na wenyeji wa hapa, na pia na ninyi ambao wazazi wenu walikuja kuchuma chai kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi wakabaki nasi. Nitakayosema ni yenu pia, kwa sababu benchi la kliniki ya presha halimuulizi mtu kabila.

Mimi si daktari wala muuguzi. Nimefundisha shule za pande za Konoin na Bureti hadi nikastaafu, na nimeuguza wazazi wote wawili. Baba alikuwa na sukari. Mama alikuwa na presha, kisha kiharusi. Kanisani kwetu tuna kikundi cha watu wanaouguza wazazi nyumbani, na mengi nitakayosimulia nimeyasikia pale. Wenyewe wameniruhusu kuyasema bila majina.

Nia yangu jioni hii ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mzazi akiugua ugonjwa usioisha, sehemu kubwa ya matibabu yake hufanywa na familia, na familia hiyo hunyimwa kitu kisichonunuliwa dukani, yaani maelezo. Najua wengi mlitarajia nianze na pesa. Pesa nitaifikia. Lakini nimeona familia zenye pesa zikimpoteza mzazi kwa kukosa kuelezwa, na nimeona mjane asiye na kitu akimtunza mama mkwe miaka mingi kwa sababu muuguzi mmoja alikaa naye nusu saa akamfundisha.

Hoja ya kwanza: magonjwa yamebadilika, hospitali bado haijabadilika

Wazee waliopo hapa wanakumbuka hospitali ilikuwa ya nini. Tenwek ilianza mwaka 1937 kama zahanati ya wamishonari, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Dkt. Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Nyanda hizi za Kericho zilijulikana kwa milipuko ya malaria, iliyosumbua mashamba ya chai miaka ya 1940 na ikarudi kwa nguvu miaka ya 1990. Watu waliletwa na malaria, nimonia, surua, uzazi uliokwama na mifupa iliyovunjika. Mtu alilazwa, akapona au akafariki, faili ikafungwa. Vitanda, foleni, mafunzo ya wahudumu na hata maneno ya kumuaga mgonjwa vilipangwa kwa mwendo huo.

Leo ukipita kliniki za Kericho, Longisa, Kapkatet au Litein siku ya wagonjwa wa sukari na presha, utakuta umati ambao hautapona kwa maana ile ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani. Hao ndio wazazi wetu. Wamechuma majani miaka 30 au 40, mgongo umekauka, na hakuna aliyewahi kuwafunga kile kitambaa cha mkononi.

Sisi ni wakulima, kwa hiyo niseme kikulima. Mahindi hupandwa, hupaliliwa, huvunwa, kisha shamba likapumzika. Chai haina siku ya kumaliza. Unarudi kwenye mche uleule kila wiki au kila wiki mbili, mwaka mzima, na mche uliopandwa na babu bado unachumwa na mjukuu. Sukari na presha ni chai, na sisi tunazitibu kama mahindi.

Mama yangu alipewa vidonge vya mwezi mmoja. Akaambiwa ameze kimoja kila asubuhi, akameza. Kichwa kikaacha kuuma, vidonge vikaisha, naye akashukuru Mungu kwamba amepona. Katika maisha yake yote, kila dawa aliyowahi kupewa ilikuwa na mwisho: ya malaria siku tatu, ya kifua siku saba. Hakuna aliyemwambia kwamba hii haina mwisho, wala aliyetuambia sisi watoto. Baada ya miezi kadhaa alianguka jikoni, upande wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakapotea. Ni katika hospitali ya pili ndipo daktari kijana alipotuketisha akatueleza kwamba vidonge vya presha humezwa hata siku ambayo mtu anajisikia mzima, na hasa siku hiyo. Maelezo hayo yalichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Kama yangetolewa mara ya kwanza, huenda mama angebaki na mkono wake.

Na hebu tuhesabu kazi. Mwenye sukari huonana na daktari mara moja kwa mwezi, au kwa miezi mitatu, tena kwa dakika chache. Siku nyingine zote ni nani anayempima alfajiri? Ni nani anayemchoma insulini, anayekagua nyayo zake kila jioni kwa sababu miguu iliyokufa ganzi haisikii mwiba? Insulini inataka baridi, na nyumba nyingi huko kwetu hazina friji. Kuna chungu cha udongo kinachowekwa ndani ya mchanga uliolowa maji, nacho huihifadhi vizuri. Muuguzi mmoja alitufundisha, na ninamwombea mpaka leo. Familia nyingine katika kikundi chetu zilikuwa zikiiweka juu ya kabati, karibu na bati, bila kujua kwamba joto linaiua dawa.

Kisha kuna ile karatasi ya lishe. Inataja vyakula ambavyo soko la Mogogosiek halijawahi kuviona. Nyumbani kuna ugali, mboga, mursik yetu ya maziwa yaliyoganda, viazi, na chai ya maziwa yenye sukari ambayo mgeni asipopewa atadhani amefukuzwa. Mzee hahitaji orodha ya matunda ya ng'ambo. Anahitaji mtu amwonyeshe ugali wa ukubwa gani, ajue kwamba mboga ziwe nyingi kuliko ugali, na aambiwe aombe chai yake isiyo na sukari bila aibu.

Hoja ya pili: daktari anazungumza na nani?

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mzee wa miaka 78 anaingia chumba cha daktari. Anazungumza Kipsigis, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Daktari ni kijana mwema aliyetumwa kutoka kaunti nyingine. Katikati anasimama aliyemleta mzee, na mara nyingi huyo ni mjukuu wa miaka 14 ambaye hakwenda shule siku hiyo. Sasa daktari anauliza kuhusu mkojo, kuhusu tezi dume, kuhusu nguvu za mzee chumbani. Mtoto atamuulizaje babu yake maneno hayo? Hamuulizi. Anamwambia daktari, "Anasema yuko sawa." Kisha daktari anaeleza mambo kwa dakika nzima, na mtoto anamgeukia babu: "Amesema unywe dawa." Hayo ndiyo yanayoandikwa kuwa mgonjwa ameelezwa.

Sheria yetu haikubaliani na jambo hilo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo mkalimani katika kliniki ya wazee ni sehemu ya huduma ambayo sheria imekwisha kuidai. Sisemi kaunti iajiri jeshi la wakalimani. Kila kliniki ina karani, muuguzi au mhudumu mzawa wa hapa. Apewe kazi hiyo rasmi, saa zake zihesabiwe, na mtoto arudi shule.

Halafu kuna simu. Mzee anapolazwa, mwana aliye Nairobi ndiye anayelipa, kwa hiyo ndiye anayepigiwa. Daktari anamweleza yeye, naye anaamua kutoka huko. Anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayemlisha, anayeosha shuka usiku, ambaye mara nyingi ni mkaza mwana, yuko kwenye korido akishika termosi. Hakuna anayemwambia lolote. Mama mmoja wa kikundi chetu alikabidhiwa mama mkwe aliyepooza, akaambiwa mlangoni, "Uwe unamgeuzageuza." Kila baada ya muda gani? Upande gani? Hakuambiwa kwamba ni kila saa mbili, usiku na mchana. Vidonda vya mgongoni vikaja. Aliporudi naye hospitalini, muuguzi aliviona akamfokea mbele ya wodi nzima: "Mmemtupa mzee wa watu!" Yule mama hakuwa amelala usiku mzima kwa majuma mengi. Alitoka pale akilia, na mara iliyofuata alichelewa kumleta mgonjwa kwa kuogopa kufokewa tena.

Na kwa heshima zetu, mkaza mwana hawezi kumwogesha baba mkwe bila aibu ya pande zote mbili. Hospitali inapomruhusu mzee arudi nyumbani, iulize: nani atamwosha? Kama wana wote wako mbali, je, kuna mpwa, kuna jirani wa rika lake? Swali hilo dogo lingewaepushia wazee wengi uchafu na upweke ambao hawawezi kumwambia mtu.

Wauguzi mlioko hapa, msinielewe vibaya. Najua muuguzi mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima usiku. Najua kwamba madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakagoma miezi mitano mwaka 2017, na madaktari wakarudi barabarani kwa siku 56 mwaka 2024, na kwamba madai yenu mengi yalikuwa ya haki. Sisi familia nasi tuna makosa yetu. Tunaficha. Mzee amepelekwa kwa mganga wa mitishamba, amekunywa mizizi wiki tatu, na tunaapa mbele ya daktari kwamba hajanywa kitu. Daktari anamwandikia dawa ya mtu mwenye figo zenye afya, kumbe figo zimekwisha kuchoka. Kwa nini tunaficha? Kwa sababu mwaka jana tulisema kweli tukatukanwa. Nawaomba madaktari: siku mgonjwa akikuambia amekunywa mitishamba, mshukuru kwanza. Amekuletea habari ambayo hakuna maabara ingekupa kwa bei hiyo.

Sasa jambo zito zaidi. Mzee anakutwa na saratani. Wana wake wanamvuta daktari pembeni: "Usimwambie, atakufa kwa mawazo." Daktari anakubali, akidhani ndiyo desturi yetu. Mzee anarudi nyumbani akiambiwa ni vidonda vya tumbo. Nimeona nyumba moja ambamo mambo yalikwenda hivyo hadi mwisho. Baba alikuwa na shamba ambalo hakuwa amewagawia wanawe, alikuwa na deni la ng'ombe alilolijua peke yake, na alikuwa na ndugu ambaye hawakusemezana miaka mingi. Mambo hayo yote angeyamaliza kwa wiki mbili kama angejua ana miezi minne. Hakujua. Leo wanawe wako mahakamani na yule ndugu hakuja mazishini. Desturi yetu ninayoijua mimi ilimpa mzee nafasi ya kuita watu wake na kusema neno lake la mwisho. Kumficha mzee ni kumnyang'anya nafasi hiyo. Daktari amuulize yeye mwenyewe kwanza: "Mzee, majibu yakija ungependa nikwambie wewe, au nimwambie nani?" Akisema mwambieni mwanangu wa pili, basi ni uamuzi wake, na uheshimiwe.

Hoja ya tatu: daftari

Kila mtu hapa analijua. Unafika hospitali ya umma, unanunua daftari la shule dukani, na humo ndimo maisha ya mzazi wako yanaandikwa. Likijaa unanunua jingine, na la zamani huishia kuwasha moto. Mzazi akipewa rufaa kutoka Kapkatet kwenda Kericho, na kutoka Kericho kwenda Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kule Eldoret, kila mahali anaanza upya: ulianza kuumwa lini, unatumia dawa gani? Vipimo vilivyolipiwa wiki iliyopita vinalipiwa tena. Mwenye kuunganisha yote hayo ni binti aliyebeba mfuko wa plastiki wenye karatasi zilizokunjwa, na binti huyo hasomi mwandiko wa daktari.

Hatari kubwa iko kwenye dawa. Dawa moja ina jina lake la asili na ina majina ya kampuni mbalimbali zinazoitengeneza. Kituo cha kwanza kimempa mama dawa ya presha kwa jina moja; hospitali ya pili imempa dawa ileile kwa jina jingine, pakiti ya rangi nyingine. Mama mtiifu anameza zote mbili. Anainuka asubuhi, presha inashuka ghafla, anaanguka, anavunjika nyonga. Familia inasema ni uzee.

Nimefundisha watoto kusoma, na jambo moja nimelithibitisha darasani mara nyingi. Ukiuliza, "Mmeelewa?", darasa zima litajibu, "Ndiyo, mwalimu." Hata aliyelala atajibu. Ukitaka kujua kama wameelewa, unasema, "Hebu njoo ubaoni unionyeshe." Daktari naye asimuulize mama kama ameelewa. Amwambie, "Ukifika nyumbani jioni utameza zipi? Nionyeshe." Ndani ya dakika moja kosa litaonekana likiwa bado mezani, kabla halijafika tumboni. Wanafunzi wa uuguzi, hili mnaweza kulianza kesho asubuhi, wala halihitaji idhini ya gavana.

Hoja ya nne: pesa, na wakati wa pesa

Bima ya taifa ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondoka, na tarehe 1 Oktoba 2024 tukaingia bima mpya ya afya, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zilizotakiwa kulipwa za mwaka mzima kwa pamoja. Nataka mlisikie vizuri jambo moja ambalo limeumiza nyumba nyingi: bima ya mwana haimfuniki mama yake. Inamfunika mwanachama, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Kijana anayekatwa kila mwezi kule Nairobi anaamini kwamba mama yake wa Bomet yuko salama, mpaka usiku anapoitwa. Mama anajiandikisha mwenyewe, kwa kitambulisho chake, na malipo yake ni ya kwake.

Tuliofanya kazi karibu na mashamba makubwa tunajua pia pengo jingine. Makampuni ya chai yalikuwa na zahanati na hospitali za wafanyakazi wao, na mtu aliyeishi kambini miaka yote hakuwahi kujifunza mlango mwingine wa hospitali. Siku anapostaafu, au mashine ya kuchuma inapochukua nafasi yake, anaacha nyumba na kliniki siku moja. Presha haistaafu naye. Nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi mlioko hapa: mfanyakazi asiondoke na barua ya shukrani peke yake. Aondoke na nakala ya faili lake la matibabu na jina la kituo kitakachompokea.

Tuje kwenye figo. SHA ilipoanza ilipanga kulipa shilingi 10,650 kwa kila mara mgonjwa anaposafishwa damu. Ni msaada mkubwa na tuushukuru. Lakini kusafishwa ni mara mbili kwa wiki, na bima hailipi matatu ya kwenda na kurudi, wala chakula cha anayemsindikiza, wala majani ambayo hayakuchumwa siku hizo mbili. Hesabu hiyo inafanywa jikoni, na haionekani katika ripoti yoyote. Daktari anayeuliza, "Mtakujaje?" kabla ya kupanga siku ya kliniki amekwisha kuokoa pesa za familia hiyo.

Na kama pesa zimeisha mgonjwa akiwa ndani, mjue haki yenu. Mwezi Septemba 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitalini Nairobi kwa kushindwa kulipa, ilisema kumzuilia mtu kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Deni hubaki kuwa deni, na hudaiwa kama madeni mengine.

Hoja ya tano: wanapowaambia mrudi naye nyumbani

Ukanda wetu huu una saratani ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia. Madaktari wa Tenwek wameikabili kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1999 wamekuwa wakiweka bomba dogo la waya kwenye koo lililoziba ili mtu aweze kumeza tena, na mwaka 2009 walichapisha katika jarida la Lancet Oncology matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900. Dunia ilijifunza kutoka Bomet. Hilo tujivunie bila haya.

Lakini familia nyingi huelewa kwamba bomba limetibu saratani. Halijatibu. Limemrudishia mzee uji, supu na mazungumzo mezani, na kwa mtu ambaye alikuwa hamezi hata mate, hilo ni jambo kubwa sana. Tofauti hiyo isemwe waziwazi kabla ng'ombe na ekari ya chai hazijauzwa kutafuta muujiza Nairobi. Na kwa sisi tulio wazima: chakula kikianza kukwama kooni, usingoje uji nao ukwame. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, yaelekea vinachangia saratani hii, pamoja na mambo mengine kama tumbaku na pombe. Tuiache chai ipoe kidogo. Haitapoteza ladha.

Maneno ninayoyaogopa kuliko yote ni haya: "Mrudisheni nyumbani, mmpe anachotaka." Yakisemwa peke yake ni kufungiwa mlango. Mgonjwa wa saratani anaweza kupewa mofini ya maji ya kunywa, inayochanganywa na wafamasia wa hospitali kutokana na unga, nayo hutuliza maumivu ambayo vidonge vya kawaida haviyafikii. Familia nyingi hazijawahi kuisikia. Nyingine zimeisikia zikaambiwa ni dawa ya walevi. Mzee anayelia usiku kucha huku dawa ipo katika nchi yake ametupwa, hata kama kitanda chake kimezungukwa na watoto wake wote. Kwa hiyo kila anayeambiwa arudi na mzazi nyumbani aulize mambo matatu kabla hajatoka: maumivu yakizidi tumpe nini, tumpigie nani usiku, na nani atakuja kumwona. Katiba yetu, katika Kifungu cha 57, imesema wazee wana haki ya kutunzwa na familia pamoja na Serikali. Imetaja wote wawili.

Tunakoelekea

Bwana mwenyekiti, naona unatazama saa. Niseme ninachopendekeza kuanzia sasa hadi mwaka ujao.

Serikali ilipowatuma wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwezi Septemba 2023, iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Wako vijijini kwetu. Wakulima wadogo nao hukutana bila kuitwa kwenye vituo vya kununulia majani ya chai. Naomba wakurugenzi wa viwanda vya chai vya KTDA na maofisa wa afya wa kaunti hizi mbili wakubaliane wahamasishaji waketi vituoni siku za kupima majani. Anayeleta majani apimwe, na aulizwe kama kuna mzazi nyumbani asiyeweza kutembea, ili afuatwe alipo.

Bonasi ya chai inalipwa Septemba au Oktoba. Hiyo ndiyo siku ya kulipia SHA ya baba na mama kwa mwaka mzima, kabla ya mabati na kabla ya sherehe. Vyama vya akiba viweke fomu hapohapo kwenye dirisha, na kijana mmoja wa kuwasaidia wazee ambao alama za vidole hazisomeki tena.

Hospitali nazo zitenge saa moja kwa wiki, wodini, isiyo ya dawa wala sindano bali ya kufundisha wanaouguza: kumgeuza mgonjwa, kumlisha aliyepooza asipaliwe, kukagua miguu, kuhifadhi insulini. Kikundi chetu kiko tayari kuja kusaidia kufundisha. Wengi wetu tulijifunza kwa machozi, na tungependa wengine wajifunze kwa njia nyingine.

Mwisho kabisa, pale mlangoni kuna karatasi moja niliyoitayarisha kwa ajili ya kubandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Ina nafasi ya jina la ugonjwa kwa lugha ya mgonjwa, majina ya asili ya dawa na saa zake, dawa zinazomdhuru, dalili za kumkimbiza hospitali, na nambari ya simu ya yule anayemwuguza hasa, si ya anayelipa peke yake. Mjaze pamoja na mzazi usiku huu, na sehemu msizojua ziacheni wazi. Madaktari na wauguzi, mkiwekewa karatasi hiyo mezani wiki ijayo, naomba mzijaze zile sehemu zilizoachwa wazi kabla ya kumwita mgonjwa anayefuata.

Sasa ni zamu yenu. Mama yule wa leso ya kijani ameinua mkono tangu nilipotaja chungu cha insulini. Apewe kipaza sauti, na kama anapendelea kuuliza kwa Kipsigis, aulize. Kuna muuguzi hapa atakayetutafsiria.